Paka Mkubwa Mweupe

Kuanzia siku hiyo, ilitangaza Idara ya Sura Halali, hakuna mwananchi atakayemrudisha mnyama wake marehemu pichani kwa akili mnemba bila idhini. Watu walikuwa wamezidi. Mbwa aliyekufa na upele alirudi na manyoya ya simba, ilhali majirani wanamkumbuka. Mkurugenzi alilisema hilo kwa uchungu wa kweli. Sheria yake ilikuwa fupi: picha ikishapigwa mhuri, huyo ndiye. Anayebisha ana kesi.

Wa kwanza kufika ofisini kwake alikuwa bibi mshonaji, vidole vimejaa chaki ya kukatia nguo.

"Paka wangu alikuwa analala juu ya cherehani, mwanangu. Picha yake sina, na sura inaanza kunipotea. Jana nimemtafuta akilini, nikapata masikio tu."

Mkurugenzi aliguswa, kwa kiwango kinachoruhusiwa na cheo chake. "Ondoa shaka, mama."

"Jirani alitaka kunitengenezea kwenye simu."

"Huyo angekupa picha. Sisi tutakupa paka."

Mashine ya Idara ilikuwa imefundishwa kwa picha za Idara peke yake, isije ikaiga ya watu. Na picha za Idara zilikuwa za Mkurugenzi: akikata utepe, akipanda mti, akitazama wengine wakipanda mti. Karani aliandika machache ambayo bibi bado aliyakumbuka: *Paka mkubwa mweupe.* Mashine ilizoea amri kuliko maelezo. Ikamchukua mkubwa, ikampaka weupe kuanzia kipara hadi viatu. Karani naye, kwa kuwa utaratibu ulitaka mhuri utangulie macho, aligonga mhuri picha ikiwa bado ndani ya bahasha.

Siku ya makabidhiano waandishi wa habari walifurika. Kitambaa kikavutwa.

"Huyu si wewe, mwanangu?" bibi aliuliza.

Mkurugenzi aliutazama mhuri. Kusema ndiyo kungekuwa kuibishia sheria yake mwenyewe mbele ya kamera, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. "Huyo ni paka wako, mama. Kisheria."

"Haya. Kama ndiye, nikimwita ataitika. Hajapata kuninyamazia." Bibi akaiinamia picha, akaipungia vidole. "Ps-ps-ps. Njoo, baba."

Picha ikakaa kimya. Karani akamgeukia Mkurugenzi. Waandishi nao wakamgeukia, vinasa sauti mikononi. Mtu hawezi kuiacha sheria yake iaibike hadharani.

"Nyau," alisema Mkurugenzi, kwa sauti ya kikao. Karani akaiingiza kwenye kumbukumbu.

Machozi yalimlengalenga bibi. Sasa alikuwa amemkumbuka hasa paka wake, na ilimuuma.

"Siye," alisema. "Wangu alikuwa anakamata panya."