Malalamiko Kuhusu Bendi Iliyo Mbele ya Kituo Changu

Kwako Afande Kamanda wa Mkoa,

Salamu na heshima zote. Nakuandikia nikiwa na akili timamu, ingawa askari wangu wana mashaka. Naomba kibali cha kupiga marufuku muziki wowote karibu na kituo cha polisi ninachokiongoza.

Kama ujuavyo, kwa maagizo ya wakubwa tunamshikilia nesi aliyeuliza hadharani dawa za wodi ya wazazi zimekwenda wapi. Leo ni siku ya kumi na tisa, hajafikishwa mahakamani, na kosa la kumwandikia bado tunalitafuta. Tulikuwa tumetulia kabisa, mpaka watetezi wa haki za binadamu wakaleta bendi. Inapiga ng'ambo ya barabara kila mchana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani watetezi hawa walikuwa wastaarabu. Walikuja na hotuba za saa tatu, wananchi wakasinzia, sisi tukaendelea na kazi. Sasa wamekitia kifungu cha sheria kwenye kiitikio: saa ishirini na nne tu, mtu afike mahakamani. Mji mzima umekikariri. Juzi tulimkamata mwizi wa betri za magari. Kabla hajavua mkanda akaniimbia kifungu chote, na aliyemwitikia ni koplo wangu wa zamu.

2. Nilituma askari sita wakawatawanye. Walirudi jioni wamelowa jasho, wakimsifia mpiga besi.

3. Mke wangu. Hili nisingependa kulisema sana. Anaimba kiitikio hicho huku akinipakulia chakula, tena ananikazia macho, maana nesi huyo ndiye aliyempokea mtoto wetu wa mwisho. Anadhani nimesahau. Sijasahau. Mama mkwe naye anakuja na kiti chake, anakaa mstari wa mbele na kunipungia mkono mbele ya askari wangu. Heshima gani tena hiyo, afande?

4. Ili kukomesha mambo, Jumatatu nilimkamata mpiga tarumbeta, na tarumbeta lenyewe nikalifungia stoo kama ushahidi. Hapo ndipo nilipojimaliza. Bendi haikutafuta mwingine. Ikifika pale tarumbeta linapoingia, vyombo vyote vinanyamaza, inabaki ngoma peke yake, na umati mzima unageukia dirisha langu kusubiri. Unakumbuka nilipiga tarumbeta katika bendi ya polisi miaka tisa. Nakaa mezani midomo inajikunja yenyewe. Chakula hakipiti. Kumwachia mtu kama mimi nafasi wazi namna ile ni mateso, na mimi nami ni binadamu jamani! Naomba nitafutiwe mtetezi.

Basi bendi iondolewe, na watetezi warudi kwenye hotuba zao. Viti nitawaazima mimi mwenyewe.

Nisalimie mama na watoto, karani wako wa masijala, na yule dereva wako mcheshi.

Wako mtiifu kazini,
Mkuu wa Kituo

Tanbihi: Hayo ya juu niliyaandika asubuhi. Mchana walipofika kwenye ile nafasi, miguu ilikwenda stoo yenyewe. Nimepiga kutoka dirishani, afande, na Mungu anisamehe, nimepiga vizuri. Sasa mwenye tarumbeta yuko ndani kwa kosa hilohilo, kwa hiyo ama nijifungie mimi, ama nimfungulie yeye. Nimemfungulia. Nesi naye akauliza kosa lake ni lipi. Nikafunua kitabu cha kituo mbele yake, mahali pa kosa hapana neno. Nikaona aibu, nikamtafutia viatu vyake. Amepita katikati ya umati bila hata kusimama kupigiwa makofi, anasema wodini kuna wazazi wanamsubiri. Ukituma watu waje kunikamata, waambie niko ng'ambo ya barabara, wa pili kutoka kushoto. Nimevaa sare, hawatanikosa.