Matembele ya Sabina

Jumatatu, 8 Julai 2024

Sabina,

Nimechoka. Magoti yanalia kama mlango wa banda letu la Buhongwa. Lakini nina habari.

Yule binti Nusrat, anayesomea uzamivu hapa kituo cha utafiti ninapomwagilia mimea, atachuma matembele Ijumaa. Leo nilimuuliza anatafuta nini hasa ndani ya jani. Akanieleza kwamba jani limejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila chumba kimezungukwa na utando, na kwenye utando kuna protini zinazopitisha maji, mfano wa milango. Anataka kujua mlango mmoja una umbo gani. Miaka thelathini na minne tumekula milango, Sabina! Na hakuna aliyetuambia.

Katika mbegu anazojaribu zimebaki mbili tu. Yako, ile uliyoibeba kwenye kanga iliyolowa siku tulipohamia. Na ya Kashindye mlinzi, kutoka Magu. Itakayotoa protini nyingi ndiyo itakayoandikwa kwenye kitabu chake, kwa jina atakalolitaja mwenye mbegu. Kitabu kitakaa maktaba. Rangi ya msalaba wako imeanza kufutika. Nataka jina lako likae mahali pasiponyeshewa mvua.

Jumatano, 10 Julai

Majani ya Kashindye ni mapana kama sahani. Yako membamba. Amesimama mlangoni mwa kitalu nyumba, akauliza, "Ngosha mwenzangu, hayo ni matembele au ndevu zako?" Hata Nusrat alicheka, kwa kujiziba mdomo.

Mpango! Maji ya kuoshea dagaa. Wewe uliumwagia mchicha, ukarefuka hadi kuupita mlango kwa kiburi. Nimekwenda mwaloni wanakouza dagaa, nimerudi na ndoo mbili. Mgongo umekufa. Makopo yote kumi na mawili ya matembele yako yamekunywa.

Alhamisi, 11 Julai

Paka! Wa kituo, wa majirani, na wengine sijui wametoka wapi. Wamefukua kila kitu. Makopo saba wameyaangusha chini, matano yamesalia. Kashindye anasema aliwaona wakiingia, lakini mkataba wake hautaji paka.

Nimeokota majani yaliyofaa, nimeyasimamisha kwenye maji. Hayajafa. Kama mimi.

Ijumaa, 12 Julai

Nusrat alichuma alfajiri. Ndoo moja yako, moja ya Kashindye, barafu juu, mfuniko juu. Kisha akaenda uwanja wa ndege kupokea barafu nyingine, ile inayotoa moshi. Akatuachia neno moja: wazee wangu, nitunzieni majani yasiharibike.

Saa nne nikafunua. Barafu imeyeyuka, majani yanaogelea! Nani asiyejua kwamba mboga iliyolowa haifiki jioni? Nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya. Nikayaanika kwenye bati juani. Nikayageuza. Nikafukuza kuku. Hadi saa tisa yalikuwa nsansa safi, mboga kavu ya kukaa hata mwaka. Kashindye hakugusa ndoo yake. Alilala. Nilimwonea huruma.

Nusrat akarudi. Akatazama bati. Akakaa chini, na gauni lake zuri vile. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema taratibu, "Mzee, milango yote imeungua." Kumbe protini hutaka baridi tangu jani linapokatwa.

Kashindye ameshinda kwa kulala. Mbegu yake itaitwa Fahari ya Kashindye. Ameniambia jina hilo mara tisa.

Jumapili, 14 Julai

Kanisani nilikaa nafasi yako, karibu na dirisha. Nyimbo zote ndefu.

Jioni Nusrat akaja nyumbani, akaniamkia shikamoo kama vile sijamharibia kitu. Nikampikia zile nsansa kwa karanga. Akala sahani mbili. Ndipo nikamweleza kuhusu wewe, na kanga, na msalaba. Akaweka kijiko chini. Akasema, "Sasa mzee wangu, mbona hukusema tu? Ukurasa wa shukrani ni wangu, namwandika nimpendaye."

Akaandika pale pale: Sabina Machibya, mkulima wa Buhongwa, aliyetunza mbegu. Ukurasa wa mwanzo kabisa, Sabina! Kabla ya Kashindye!

Ameniomba jambo moja. Kesho anapeleka sampuli ya Kashindye ng'ambo, kwenye mashine kubwa ya kuipiga picha, na barafu ya moshi imepimwa itoshe safari tu. Nisiguse chochote. Nimeapa.

Jumatatu, 15 Julai

Sikupata usingizi. Niliwaza hivi: nsansa zikilowekwa, huamka. Je, kama milango nayo haijafa, imelala tu? Nani amejaribu?

Asubuhi sanduku la kusafirishia sampuli lilikuwa mezani, Nusrat anaaga watu. Nikabeba kifurushi cha nsansa zako. Sanduku limejaa barafu ya moshi hadi juu. Barafu inayounguza, Sabina, vidole viwili vimebabuka! Nikachukua koleo, nikatoa nusu. Kifurushi kikakaa vizuri sana. Nikafunga kamba fundo mara mbili, kama ulivyonifundisha.

Ile barafu sikuitupa. Nimeigawa kwenye makopo yako matano yaliyosalia, maana milango inapenda baridi. Imetoa moshi mzuri. Majani yamekuwa magumu, yamesimama kama askari.

Ndege imepita juu ya ziwa sasa hivi. Nimeipungia mkono wenye bandeji. Safari hii tumewaweza.

Huko uliko, nikumbuke.

Machibya