Kiboko Wako Ananiharibia Biashara

Placidia Kokuberwa (mjane wa Kaijage),
Kitongoji cha Mtoni, Kijiji cha Kashenyi,
Mabira, Kyerwa.

Kwa Mwenyekiti wa Kijiji.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO YA KUZUIWA KUUZA SHAMBA LANGU LA MTONI

Kichwa hicho nimekiandika kwa herufi kubwa kwa sababu barua yangu iliyopita, ile ya mbuzi wako na maharage yangu, ulisema hukuiona. Salamu sitaanza mimi. Ni mimi niliyekupakata siku ya ubatizo wako ukanilowanisha kitenge kipya mbele ya padri, kwa hiyo nachukulia kwamba umeshasimama, umeshaniamkia, nami naitikia: marahaba, mwanangu. Sasa kaa usome.

Unajua alichoniachia marehemu Kaijage. Kipo kibanja chenye migomba na kahawa, ambako yeye mwenyewe amelala, na hicho hakiuzwi hata kwa malaika. Halafu lipo shamba la majani linaloanzia chini ya migomba yangu na kuteremka hadi majini. Upande mmoja limepakana na Nuwagaba, mfugaji. Upande wa pili ni njia ya ng'ombe ya kijiji. Chini ni mto. Juu ni mimi. Hilo la majani ndilo ninalouza, au tuseme ndilo ninalojaribu kuuza.

Chanzo ni mwanangu Jovin. Alikuja Krismasi kutoka Mwanza akanikuta napandisha ndoo kutoka mtoni, akalia. Mtu mzima, mwalimu wa watu, akalia juu ya ndoo yangu. Akasema mama huwezi kuishi hivi, twende ukae kwetu. Ili anyamaze nikamwambia kwamba siku shamba la mtoni litakapopata mnunuzi, nitahamia Mwanza. Nilisema mbele ya mkwe, kwa hiyo siwezi kujifanya sikusema. Machozi yakakauka palepale, simu ikatoka mfukoni, na tangazo likaandikwa kabla chai haijapoa: "Ekari za kando ya mto, mandhari ya kuvutia, zinafaa kwa mapumziko na ufugaji."

Ufugaji sawa. Mapumziko ndiyo yaliyonishangaza. Nimeolewa hapa nikiwa msichana, nimekata majani pale, nimeteka maji, nimevuta ndama kwenye tope, na mtu pekee niliyewahi kumwona amepumzika pale ni Ambrose, siku kiboko alipopindua mtumbwi wake akavunjika mguu, tukawa tunasubiri machela. Hata hivyo tangazo limetoka, wanunuzi wamekuja, na kila mmoja amezuiwa. Naomba usome mzuio mmoja mmoja.

1. Kiboko. Namwita wako kwa sababu wewe ndiye serikali hapa, na mnyama wa porini ni wa serikali. Mimi nikimgusa, nafungwa. Basi yeye akinigusa, ufungwe wewe. Mnunuzi wa kwanza alitoka Bukoba, bwana mwenye viatu vyeupe, akitaka kujenga vibanda vya watalii na bwawa la kuogelea. Viboko wenye adabu hutoka giza likiingia. Huyu wako alitoka saa nane mchana, akasimama palepale ambapo bwana alikuwa ameonyesha kwa kidole kwamba bwawa litakaa, akatugeuzia makalio, akajisaidia huku anazungusha mkia, na yote aliyokuwa nayo yakaruka kila upande.

Bwana akaniuliza kwa sauti ndogo kama mnyama huyo ana madhara. Mimi ni Mkatoliki, nakomunika kila Jumapili, siwezi kudanganya. Nilimweleza habari za mtumbwi wa Ambrose, na habari za mguu wa Ambrose, na kwa kuwa tulikuwa karibu nikampeleka kwa Ambrose auone. Ambrose alikunja suruali bila kuombwa. Bwana hakurudi tena, na kijiji hakijanipa hata pole.

2. Mto. Huu nao hauheshimu mipaka. Kaijage alipanda milamula pale chini, na kila mtu hapa anajua kwamba mlamula ukisimama mahali, mpaka ni hapo. Watu wanauheshimu, hata ng'ombe wanauzunguka. Mto peke yake ndio unaupita kila masika, unakuja kulala shambani mwangu mpaka utakapopenda, kisha unaondoka na kuniachia kambale wawili watatu kwenye majani, utadhani umelipa pango.

Mnunuzi wa pili alikuja wakati huo wa mvua. Ningeweza kumpitisha njia ya juu, ile kavu, lakini ni ndefu, nikamwonea huruma, nikampitisha kwenye mafunjo. Tulipofika katikati tope likamshika hadi magotini. Nilimvuta akatoka, kiatu kimoja kikabaki. Nilimpa chai na ndizi za kuchoma, akala vizuri, akanishukuru kwa ukarimu, akapanda pikipiki mguu mmoja peku. Kiatu chake mto ulikirudisha wenyewe. Nimekiosha, kiko juu ya kabati, na mwenyewe anakaribishwa kukifuata.

3. Wanakijiji kusema kweli. Elpidius wa bodaboda ndiye anayeleta wanunuzi kutoka barabara kubwa, na nilimwomba awe analisifia shamba njiani. Siku moja nilimuuliza mbele ya mgeni, kwa nia njema tu, kama mtoto wake ameshatoka hospitali alikolazwa kwa malaria. Angeweza kujibu kwamba mtoto alikuwa na mafua. Yeye akajibu, "Ametoka, waitu, lakini sasa ameingia mama yake." Nilimkemea baadaye, akasema, "Waitu mama, si wewe uliyeuliza?" Kijana hana nidhamu. Kijiji hiki kimejaa watu wa namna hiyo, ukiwauliza jambo wanakujibu.

4. Nuwagaba na maziwa. Hapa ndipo nakulaumu wewe binafsi. Mnunuzi wa tatu ni Mama Mackrine wa Nyakasimbi, muuguzi mstaafu, mwenye ng'ombe wake na akili zake. Kiboko alipotoka, alicheka akampiga picha. Nilipomfikisha kwenye mafunjo, alivua viatu mwenyewe na kukunja sketi. Nilipomwonyesha mbu, alinitajia dawa yao. Nikaona mambo yamekuwa mazito. Akasema atafuga chini, atapumzika juu, na atazungusha uzio wa seng'enge pote hadi majini.

Ikabaki kufunga mauzo kwa desturi yetu. Karatasi na mhuri wako vina kazi yake, lakini kila mtu Kashenyi anajua kwamba shamba halijauzwa mpaka wote wanaopakana nalo wamekaa chini mpakani wakanywa rubisi, pombe ya ndizi, ya mnunuzi. Asiyekunywa hajakubali, na jirani asipokubali hakuna mauzo. Sasa Nuwagaba aliokoka mwaka jana. Anaimba kwaya, na rubisi haigusi hata kwa kuinusa. Mama Mackrine alileta mtungi mzima, Nuwagaba akakaa mbele yake amekunja mikono, tukakwama.

Ndipo wewe, kwa busara ya cheo chako, ukasema, "Si anywe anachokunywa, shida iko wapi?" Mimi, kwa kuitii serikali, nikaenda kwa mkewe Kyarisiima nikaomba maziwa, nikarudi na kibuyu, nikawamiminia. Akanywa Nuwagaba, akanywa Mama Mackrine, ukanywa wewe mara mbili, halafu ukauliza ile rubisi sasa itafanyiwa nini.

Nuwagaba akafuta mdomo, akaegemea fimbo yake, akasema taratibu kama kawaida yake: "Mama Mackrine, karibu sana. Umekunywa maziwa ya nyumbani kwangu, sasa wewe ni ndugu. Na sisi tuliokunywa kibuyu kimoja hatufungiani maji." Maana yake, Mwenyekiti, ni kwamba ng'ombe wote wa Nuwagaba wataendelea kushuka mtoni kupitia shamba hilo, uzio uwepo usiwepo. Wazee wakaitikia kwamba ndivyo ilivyo. Mama Mackrine akatazama kibuyu, akanitazama mimi, akasema anakwenda kufikiri.

Utasema nilipaswa kujua. Kweli nilijua. Kaijage naye alikunywa kibuyu kwa baba yake Nuwagaba mwaka wa ukame, na ndiyo sababu ng'ombe wao wanapita kwetu mpaka leo bila mtu kuuliza. Lakini mimi ni mjane, kazi yangu ilikuwa kumimina. Kazi ya kufikiri tulikupigia kura wewe.

5. Mwanza. Hili haliko chini ya mamlaka yako, lakini nikiliacha, malalamiko yangu yataonekana hayajakamilika. Nilikwenda kwa Jovin baada ya Pasaka ili nipazoee. Nyumba ni nzuri, sina la kusema. Maji yanatoka ukutani. Mkwe ananipenda, hataki nioshe hata kikombe. Asubuhi nilisimama getini niwasalimie watu, jirani mmoja akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu, nasalimia tu. Akanionea huruma, akamwita mlinzi.

Nilirudi ndani nikakaa kwenye kochi, mikono mapajani. Saa ile nyumbani huwa nakwenda kung'oa magugu pale alipolala Kaijage, namwambia nani kaoa na nani kafiwa, na kahawa ya nani imeiva. Kule sikuwa na wa kumwambia. Nililia chooni ili Jovin asione, kwa sababu yeye alishalia juu ya ndoo, na nyumba moja haiwezi kulia yote mwaka mmoja.

Kwa hayo yote, naomba kijiji kichukue hatua bila kuchelewa. Kiboko ahamishiwe kijiji cha Ndama, ambako nasikia wanapenda maendeleo. Mto usimamishwe kwenye milamula, na ukikaidi upigwe faini kama wale waliolima barabarani. Wanakijiji wote wafundishwe kudanganya, na semina uiendeshe wewe, kwa kuwa tulikusikia wakati wa kampeni. Nuwagaba naye arudi nyuma kiimani kwa jioni moja tu, anywe rubisi kidogo, kisha atubu Jumapili. Nimeshaongea na mchungaji wake. Amekataa, lakini hakukataa kwa nguvu. Ikishindikana yote, kijiji kilinunue shamba hilo chenyewe na kumkabidhi kiboko rasmi, kwa kuwa ndiye pekee anayepumzika pale.

Naishia hapa kwa sababu karatasi ni ya daftari la kwaya na wanaihesabu. Nisalimie mkeo Jovitha, mwambie mbegu za maharage nimemwekea, mbuzi wenu wakiziacha. Wasalimie wajumbe wote, pamoja na wale wanaosinzia kikaoni. Nuwagaba na Kyarisiima waambie kibuyu chao nitakirudisha. Ambrose msalimie na mguu wake. Kiboko simsalimii.

Ni mimi raia mtiifu na mama yako wa ubatizo,

Placidia Kokuberwa

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha Elpidius alipoingia na ujumbe. Mama Mackrine amekwisha kufikiri. Anamkubali kiboko, anakubali tope na mbu, na anakubali ng'ombe wa Nuwagaba wapite. Ataacha lango wazi, anasema ndugu ni ndugu. Anakuja Jumamosi na karatasi ya kugongwa mhuri. Jovin ameshapigiwa simu, na sasa hivi anapaka rangi chumba changu.

Mwanangu, yote niliyoandika huko juu yafute. Kiboko asiguswe. Mto ulale unapotaka. Nuwagaba abaki na wokovu wake. Mama Mackrine ni mwanamke mzuri, na akitaka kupumzika aje hata kila wiki, nitamtandikia mkeka, lakini asinunue. Sitaki kwenda Mwanza. Niliahidi nikidhani hakuna mwenye akili atakayelitaka shamba lile, na sasa amepatikana.

Kwa bahati nimekaa nikawapitia tena wanaopakana na shamba. Nuwagaba amekunywa. Njia ya ng'ombe ni ya kijiji, na kwa niaba ya kijiji ulikunywa wewe, mara mbili. Mto unakunywa kila siku. Upande wa juu ni kibanja changu, na jirani wa upande wa juu siku ile alikuwa anamimina tu, hakuonja hata tone. Kwa hiyo Jumamosi uje na mhuri wako bila wasiwasi, ukae mpakani na wageni, nami nitawamiminia wote. Mimi sitakuwa na kiu.