Jinsi Fundi Kyule Alivyoteka Nguzo ya Hoteli ya Ndinda

Enyi mama wa Mwingi, na nyinyi wa Kibwezi mlio na mabinti wanaojua kusoma, zimeni redio, teremsheni sufuria, mje mnisikilize! Nawasimulia vita vilivyopiganwa juzi kando ya barabara ya Garissa, ambamo mtu mmoja, kwa brashi moja na mkebe mmoja wa rangi nyeusi, aliteka nguzo yenye upana wa shibiri mbili. Mimi shule niliachia darasa la saba, lakini haya niliyaona kwa macho yangu, nami nayaandika ili mjihadhari.

Adui alikuwa herufi. Msicheke. Ziko herufi nene, ndefu, zilizobanana kama waumini kwenye benchi siku ya Pasaka, na kila moja imevaa buti za mraba miguuni. Hizo haziongei, hizo zinaamrisha. Ukitangaza mkutano wa injili, unaandika kwa hizo. Ukitaka kura, kwa hizo. Mnada wa mbuzi, dawa ya jino, mafuta ya miujiza, ni hizo hizo, na watu wanaamini kwa sababu ya unene. Basi mwezi uliopita zikabandikwa kwenye mlingoti wa stima, mkabala na hoteli ya binti yangu: KAZI UARABUNI. ONDOKA MARA MOJA. Ndinda wangu, malkia wa chapati, akasoma akasimama wima kama askari aliyeitwa jina.

Hoteli yake mwenyewe alikuwa ameiandika kwa herufi nyembamba zenye mikia na maua, nzuri kama kadi ya harusi. Malori yakapita. Yakapita ya ng'ombe, yakapita ya saruji, yakapita ya vitunguu, wala hakuna dereva aliyegeuza shingo.

"Mwaitu, mama yangu," akaniambia, "nangoja mpaka Jumamosi. Lori lisiposimama hata moja, Jumatatu napeleka pasipoti kwa ajenti wa hiyo kazi ya Uarabuni."

Mama zangu, uji niliuacha mekoni. Nikafunga leso kiunoni nikamwendea Kyule mwana wa Mutisya, Mwandishi wa Mabango, Mshinda Kuta, yeye aliyeandika milango ya makanisa matatu na ya vyoo vya soko, na hakuna aliyewahi kupotea.

"Fundi," nikamwambia, "nataka herufi za yule ajenti. Zile zile. Nimpige kwa fimbo yake."

Ijumaa asubuhi Kyule akasimama mbele ya ile nguzo iliyo kati ya mlango na dirisha, akaipima kwa shibiri, akanena kama jemadari mbele ya jeshi: "Mama Ndinda! Nguzo ni nyembamba, lori lina haraka, na dereva ana vumbi machoni. Herufi pana hazitaingia. Herufi nyembamba hazitaonekana. Lakini hawa wangu nitawabana mbavu, nitawarefusha, nitawavika viatu vizito, wasimame hata upepo uvume vipi!"

"Wasipige kelele sana, fundi. Ni chai tu."

"Mama, hawa kunong'ona hawajui. Nikiandika jina la mtoto mchanga, chifu atapiga saluti."

Akapiga mistari kwa kamba ya chaki, akapiga goti, akachovya. CHAI ikaanguka mikononi mwake bila upinzani. Lakini CHAPATI! Wapiganaji saba, na uwanja una nafasi ya watano! Jasho likamtoka yule simba. Akavuta pumzi, akambana C tumbo, akamsukuma H ubavuni kwa mwenzake, akamkaza A miguu, na lilipofika jua la utosi wote saba walikuwa wamesimama bega kwa bega, weusi, wakali, na hakuna aliyekanyaga dirisha. NDENGU ikafuata chini kama mateka.

Jumamosi wa kwanza kufika alikuwa Mwongeli wa kwaya, kiti cha plastiki kichwani. Macho yake hayasomi mbali, lakini umbo la herufi zile analijua.

"Mhubiri ni nani," akauliza, "na anaanza saa ngapi?"

"Mhubiri ni chai, mama," Ndinda akamjibu. "Ameshachemka."

"Basi nimsikilize," akasema, akaweka kiti.

Ndipo breki zikalia. Lori la vitunguu! Akashuka dereva, Idris, akiitazama nguzo kwa heshima.

"Nimeisoma tangu kule mlimani," akasema. "Nikadhani ni serikali imenisimamisha."

Chai ya siku hiyo ilikuwa na ladha ya moshi, mimi mama yake nasema kweli. Idris akainywa, akaitazama tena nguzo, akatangaza kwamba hajawahi kunywa chai kama hiyo. Hapo ndipo ninapowaonya, mama zangu: herufi ikiwa nene, onjeni kwanza kilicho ndani, hata kama aliyeiandikisha ni mimi.

Idris akafuta midomo. "Dadangu, Jumatatu alfajiri mtakuwa mmefungua? Narudi na wenzangu wanne."

Ndinda akaangalia unga uliobaki. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yake ya pasipoti.

"Saa kumi na moja," akamjibu. "Msichelewe, chapati zitapoa."

Tangazeni hayo sokoni, yaandikeni kwa kata na kwa kaunti: siku ya Jumamosi, saa nne na dakika kumi, lori moja lilisimama Mwingi, na binti mmoja akabaki.