Hatua Elfu Tisa Nimekaa Kitini

Jumatatu, 4 Machi
Kliniki ya sukari. Muuguzi kasema sukari imepanda; isiposhuka wiki hii, naanza sindano kila siku. Mimi! Nimezaa saba bila kupiga kelele, lakini sindano naikimbia. Kanifunga saa ya kuhesabu hatua mkononi. Kanibana na kidude kingine kiunoni, sijui cha nini. Hatua elfu sita kwa siku. Wifi yangu, fundi cherehani, kapewa vilevile. Tunashindana tangu nilipoolewa na kaka yake.

Jumanne, 5 Machi
Nimesukuma kigari cha wajukuu pacha mpaka sokoni na kurudi. Jasho hadi visigino. Saa yasema hatua mia mbili na tatu. Nimeitukana. Wifi kapiga simu kuuliza nimefika ngapi. Nikasema mtandao mbaya.

Jumatano, 6 Machi
Nimekanda unga wa mkate. Natupia saa jicho: elfu nne! Nikakanda tena. Elfu tisa! Makalio hayajaachana na kiti. Kumbe saa haina macho, inahisi mkono tu! Nikampigia wifi. Akataja zake kwa shida. Raha iliyoje! Yeye miguu yakanyaga cherehani kutwa, mikono imetulia kitambaani: mia saba. Nimemhurumia. Kidogo.

Ijumaa, 8 Machi
Nakanda kila siku. Sasa mkate ukiiva utaufanyaje, uutazame? Wajukuu wamekula, majirani wamekula, muuza maji kala. Uliobaki nimejitolea kuula mwenyewe, wa moto, na asali. Mwenye hatua elfu kumi na mbili lazima ale. Binti yangu kauliza mbona nanenepa. Misuli hiyo, nikamwambia.

Jumatatu, 11 Machi
Kliniki. Saa yangu: elfu hamsini na nane. Ya wifi: elfu tano. Nikamtazama kutoka juu. Muuguzi akasoma kidude changu cha kiunoni: elfu sita, wiki nzima! Kumbe hicho ndicho shahidi. Kasema walikuwa wanaipima saa, kama yasema kweli kwa wagonjwa wa sukari. Nikasema basi nimewasaidia. Hakucheka. Kanitoboa kidole. Sukari imepanda kuliko wiki iliyopita! Sindano haiulizi saa, kasema, inauliza damu. Nikalia mbele za watu, nikaungama mkate wote. Aliyenishika bega ni wifi, domo kaya yule. Kaniombea wiki mbili zaidi, kaapa unga wote atauchukua yeye. Wakakubali. Nyumbani nimempa kitenge changu kipya na kumwambia asinizoee.

Jumanne, 12 Machi
Unga umekwenda. Nimefungwa saa nyingine, ya kifundo cha mguu. Muuguzi kasema mguu haudanganyi. Nimekwenda kumshukuru wifi. Nikakaa kitini kumtazama anavyokanyaga cherehani. Juu, chini, juu, chini. Mguu wangu ukaanza kuwasha, hasa pale penye saa. Nikamwambia nahurumia mgongo wake, kuanzia kesho nimpokee kazi. Kafurahi mpaka machozi.

Kushona sijui.