Uzinduzi wa Mtambo wa Gesi ya Samadi wa Arroyo Prieto

Mimi, Don Ulpiano Reinoso, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu na meno yangu mwenyewe, niliyewazika wake wawili, nikavishinda vimbunga vitatu, nikakiona kiwanda cha sukari kikifunguliwa na nikakiona kikifungwa, na nikamzika hata yule daktari aliyeniambia nisipoacha ramu sitaiona Krismasi, nasimama mbele yenu kwa wadhifa wangu wa alkade, yaani mkuu wa kijiji hiki, na Mwenyekiti wa kudumu wa Kamati ya Bayogesi.

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Nishati Vijijini uliyetoka mji mkuu kwa gari lenye kiyoyozi; Mheshimiwa Padre; Mheshimiwa Sajini; Mheshimiwa mwenye uwanja wa kupiganisha majogoo; Mheshimiwa nahodha wa timu yetu ya besiboli, ambayo mwaka huu imefungwa kwa heshima; na ninyi wengine wote msio na vyeo, ambao pia mnaruhusiwa kusikiliza. (Makofi. Nguruwe anaguna.)

Naomba huyo nguruwe asiingilie itifaki. Kwa taarifa yako, Mheshimiwa Mkurugenzi, huyo aliyefungwa kwenye mpera kando ya shimo anaitwa Sultana. Ni wa komadre wangu Casimira, mpishi wa shule yetu, aliyemsimamia binti yangu kwenye ubatizo, na ndiye atakayekuwa chakula chako cha mchana mara tu nitakapomaliza hotuba hii fupi. Mchinjaji wetu Baudilio yuko tayari. (Baudilio anainua kisu. Makofi. Sauti ya Casimira: "Basi hutubu mpaka Krismasi, kompadre! Ukinyamaza tu, ananichinjia nguruwe wangu!" Kicheko.)

Asante, komadre, kwa kutambua uzito wa hotuba. Ndugu wadau, mradi huu ni mkakati shirikishi, endelevu na mtambuka wa nishati jadidifu, na mimi niliyekaa darasani msimu mmoja tu wa mvua ndiye pekee hapa ninayeuelewa. Sikilizeni. Mavi ya nguruwe, maganda ya ndizi, maganda ya muhogo na makombo ya wali vinaingia shimoni. Shimo linazibwa hewa isipenye hata kidogo. Mle ndani kuna vijidudu vinavyokula uchafu huo gizani bila kulalamika, tofauti na watu wa kijiji hiki, na vikishiba vinatoa hewa. Mbele ya Padre sitasema vinaitolea wapi. (Kicheko. Padre anakohoa.) Hewa hiyo inapita kwenye bomba mpaka jikoni kwa komadre, anawasha kiberiti, na moto unatoka wa buluu, bila kuni, bila moshi, bila kikohozi. Maji yanayobaki shimoni ni mbolea ya kuifanya migomba iimbe.

Nani aliileta fikra hii Arroyo Prieto? (Sauti: "Redio!") Niliisikia mimi kwenye redio! Nikaenda mkoani, nikagonga milango, nikapewa bomba la chuma na ahadi ya saruji. Nasema kwa fahari kwamba shimo limekamilika kwa asilimia mia moja na kumi, maana Baudilio alichimba akapitiliza. Kuhusu saruji, mchakato unaendelea. Kuhusu kifuniko, kinasubiri saruji. Kuhusu nguruwe, ambao ndio moyo wa mradi, tulianza na zizi lililojaa, na hapa sitaki mtu aanze kunong'ona. (Minong'ono.)

Maana hata ninyi mlikula! Alikuja mtaalamu wa kupima shimo. Je, tungempa maji matupu? Tukamchomea nguruwe. Akaja mwingine kumkagua aliyepima. Huyo alikuja na dereva, tukachoma wawili. Wakaja wa semina ya uhamasishaji. Wakaja wa kupiga picha. Akaja Padre kulibariki shimo, na sisemi alikula kiasi gani. (Sauti: "Sema!") Sisemi! Kuni zilikuwa mbichi, upepo ulikuwa mkali, na Baudilio akagundua kwamba shimo lile lina kina kizuri kwa makaa, na kwamba bomba la gesi linapita barabara kutoka mdomoni mpaka mkiani mwa nguruwe. Kila mgeni aliondoka akijilamba vidole na kuandika kwamba mradi unakwenda vizuri sana. Sasa waseme kwamba Ulpiano hajui kupokea wageni!

(Casimira anaruka shimoni, anasimama juu ya majivu, mikono kiunoni.)

Komadre, toka humo, hicho ni chombo cha serikali.

("Sitoki! Yatazame macho yangu haya, Ulpiano! Moshi umeyafanya kama ya samaki wa juzi. Watoto wa shule wananiuliza nani amekufa. Uliniahidi moto wa buluu, nikakupa nguruwe wangu wote, kabakia huyu mmoja, na ana mimba. Ukimchinja, mavi yatatoka wapi? Kwako?" Nahodha wa besiboli: "Anayo ya kutosha, nyanya, msikilize tu!" Kicheko kirefu. Baudilio anauliza: "Don Ulpiano, nichinje au nisichinje? Kuni zinangoja.")

Ngoja, Baudilio. Komadre, nitazame. Hebu nitazame vizuri... Mama yangu, macho hayo!

Ndugu wananchi, swali la komadre nimelifanyia upembuzi yakinifu hapa hapa nilipo, na majibu, kama ilivyo desturi yangu, ni sahihi. Kwa mamlaka niliyonayo, namteua Sultana kuwa Kaimu Mtambo. Hachinjwi leo, hachinjwi hata akija rais. Mheshimiwa Mkurugenzi atakula wali kwa maharage, parachichi na yai, na maganda yote atamtupia Kaimu kwa mkono wake. (Shangwe. Mkurugenzi: "Afadhali, mzee. Daktari alishanikataza nyama ya nguruwe.") Mnaona? Hata hilo nililifikiria.

Mheshimiwa, mkasi wa kukatia utepe unao mkononi. Tafadhali kata ile kamba ya mperani. (Mkurugenzi anakata. Sultana anakimbilia kwa Casimira na kuangukia shimoni. Vigelegele.)

Nguruwe! (Umati: "Aishi!") Moshi! (Umati: "Utoke!") Saruji! (Umati: "Ije!") Ulpiano! (Sauti moja tu: "Shuka, tuna njaa!")

Namalizia kwa kukushukuru, Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa kuzindua rasmi mtambo ambao, kama ulivyojionea, ni shimo, majivu, bomba lenye mafuta, na nguruwe mmoja mwenye mimba. Ukirudi bila saruji, utakula yai tena.

Na atakayebisha kwamba siku hii mimi ndiye niliyemwokoa nguruwe huyu, amuulize Baudilio, ambaye kisu chake hakina damu. Amuulize Padre, ambaye kabla hata sijashuka ameshamaliza parachichi. Amuulize komadre Casimira, akimkuta hana hasira. Wakinikana wote, amwendee Sultana mwenyewe, ila asiende mikono mitupu, apitie kwanza jikoni achukue maganda.