Uyoga wa Gogo na Goti la Mama Mkwe

Jumanne, 4 Februari 2025
Sumbawanga hii hakuna mwenye bahati kunizidi. Wenzangu wanahangaika na wakwe. Mimi, mama mkwe ananitegemea kuliko wakwe zake wote. Sasa goti lake limevimba, na Jumapili ni zamu yake kubeba vipaji vya misa altareni. Amesema akipokonywa zamu hiyo hatoki nje mwaka mzima. Nikasikia redioni: uyoga mgumu uotao kwenye magogo yanayooza una kemikali za kupunguza uvimbe. Gogo la mkaratusi nyuma ya choo changu, hapa Milanzi, limeota tele! Nimechemsha sufuria nzima.

Jumatano, 5 Februari
Mke wangu Marsiana kapeleka chupa. Goti lenyewe sijaliona. Mkwe haangalii goti la mama mkwe, hata mimi niliyetembea hadi mpakani Tunduma mara nne najua hilo. Natibu kwa kusimuliwa. Jioni salamu zimerudi: mama anashukuru, anaona nafuu. Siku moja tu! Mwanyumba wangu Timoth, aliyeoa mdogo wa Marsiana, kaniuliza kama na choo chenyewe ni dawa. Wivu.

Ijumaa, 7 Februari
Nimedhalilishwa. Nilimpelekea muuguzi Rhoda kipande, ili zahanati ijue pa kuagiza. Akasema uyoga huo haujui, unaweza kumdhuru mtu, na majaribio mengi ni ya maabara, kwenye vibakuli na kwa panya.

“Kaka Eustaki, mama yetu siyo panya.”

Nani kasema ni panya? Na mwaka jana nilimbebea magunia yake ya mahindi bure, huyo!

Jumapili, 9 Februari
Mama katembea hadi altareni bila fimbo. Nililia, sifichi. Nje nikaanza kupokea pongezi. Mama akamshukuru Timoth, mbele ya watu, kwa kumtafutia bajaji ya kwenda hospitali Jumatatu iliyopita. Kumbe anameza vidonge vya hospitali! Tangu Jumatatu! Nikamuuliza Marsiana, na chupa yangu? Akasema mama hakuonja hata tone. Alinishukuru kwa heshima tu, maana mkwe haambiwi dawa yake inanuka.

“Alimwagia maboga.”

Sawa. Basi uyoga haujashindwa, haujajaribiwa tu. Nasikia sasa kiwiko cha mama kinauma. Sufuria ya pili iko jikoni.

Na ile ya Jumanne, kwamba mama ananitegemea kuliko wote: uongo. Hajawahi.